Sola ya kulipia kidogo kidogo au ya kununua keshi? Nimetumia zote mbili hapa Kigoma

Kila nikisema nina sola watu wananiuliza swali hilohilo, kaka nichukue ile ya kampuni ya kulipia kwa simu au nijichange ninunue yangu, na mimi kila mara najibu nusunusu kwa vile nipo na mteja kwenye kiti. Leo naandika yote kwa mkupuo.

Kwetu kuna mitambo miwili. Wa kwanza uko kwa kaka yangu mkubwa, mvuvi wa dagaa, Sunuka, mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma mjini, wilaya ya Uvinza, alichukua kwa kampuni moja ya zile unazotoa kianzio afu kila siku unatuma hela kwa simu unaletewa tokeni unaingiza kwenye boksi linawaka. Wa pili ni wangu, upo Gungu kwenye kibanda changu cha kinyozi. Mimi TANESCO ninayo, ila umeme ukikatika mteja akiwa amenyolewa upande mmoja hiyo aibu ni ya kwangu sio ya TANESCO, kwa hiyo nikajichanga nikanunua vitu vyangu kimoja kimoja hapa Mwanga na fundi akaja kufunga. Majina ya kampuni na maduka sitaji, sitaki kesi.

Nianze na jambo ambalo mawakala hawaligusi kabisa. Watu wanabishana kulipia kidogo kidogo au kununua keshi kana kwamba sola ni kitu kimoja. Sola ni vitu viwili vyenye umri tofauti kabisa, paneli na betri. Paneli nzuri inaweza kukaa juu ya bati miaka 25 inazalisha, inapungua kidogo kidogo tu. Betri ya gel tunayouziwa huku, ile ya risasi yenye asidi nzito kama jeli, ukiitunza vibaya mwaka wa pili unaitupa, ukiitunza vizuri miaka mitatu minne. Kwa hiyo ukikaa na karatasi ya mkataba au ukisimama dukani, swali la kuuliza ni betri ikifa nani anainunua nyingine. Jibu la hapo ndio linaamua ulipe kidogo kidogo au utoe keshi, hayo mengine ni maelezo.

Haya, ya kaka. Paneli ya wati 50, boksi lenye betri ya lithiamu ndani, taa nne, redio, tochi na tivii ya inchi 24. Analipa buku jero (1,500) kwa siku. Sasa piga hesabu, buku jero mara siku 365 ni 547,500. Miaka mitatu ni 1,642,500, weka na kianzio cha laki unafika 1,742,500. Kwa mtu wa Sunuka hiyo ni hela ndefu, ila hakuna siku amewahi kuiona kama milioni na laki saba, yeye anaona buku jero, na buku jero ni hela ambayo zamani ilikuwa inaishia kwenye mafuta ya taa, betri za tochi na kuchajisha simu kwa jirani. Ndio maana mimi simcheki mtu aliyechukua. Kaka asingeweza kukaa na laki nane za kununua mtambo keshi mkononi bila ya mtu wa familia kuugua au nyavu kuchanika.

Na nitawapa haki yao, ile betri yao ni nzuri. Lithiamu ya aina ile (ile ya chuma na fosfeti) inavumilia kuchajiwa na kuisha mara elfu mbili na zaidi, gel yangu haioni hizo namba hata kwenye ndoto. Boksi haliguswi na fundi wa mtaani, hakuna mtoto wa kuchomekea pasi, likizidiwa linajizima lenyewe. Mara moja taa moja iligoma, wakala akaleta nyingine bila kudai kitu. Usafiri wa kule mnaujua ulivyo, kwa hiyo hilo sio jambo dogo.

Tatizo liko kwenye kalenda. Kampuni inahesabu siku kwa jua, mvuvi wa dagaa anahesabu kwa mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikitoka wanatawanyika, hakuna cha kuvutia, watu wanavuta mitumbwi nchi kavu wanakaa wanashona nyavu. Kipindi hicho hela haiingii. Boksi la sola halijui habari hizo, siku ya tokeni ikiisha linafunga, na paneli inakaa juu ya bati inapigwa jua kali la Tanganyika bure kabisa na ndani watu wako gizani. Hiyo inauma kuliko kukosa sola. Kaka ananipigia, mdogo wangu nirushie buku mbili tatu watoto wanataka kuangalia mpira.

Afu ikaja 2024, serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, miezi mitatu mizima. Sio Tanzania peke yake, na majirani zetu wa ziwa, Burundi, Kongo na Zambia, walikubaliana. Sipingi, migebuka ilikuwa imeadimika kweli. Ila fikiria mwambao mzima ule una vimitambo vya kulipia kila siku na kila mtu kipato kimekata kwa pamoja. Kwa mkataba wa kaka siku usizolipa hazina riba, zinasogeza tu mbele siku ya kumaliza, sawa, nzuri. Ila simu za kumtisha zilianza. Utaletewa watu wang'oe, utapoteza kianzio, jina lako litapelekwa huko. Mama alikuwa anaogopa hata kupokea namba ngeni. Kwenye karatasi yenyewe nilivyoisoma kulikuwa na kipengele cha kusimamisha malipo kwa makubaliano, wakala hajawahi kukitaja hata siku moja, mpaka kaka alivyowapigia makao makuu akakaa kwenye laini muda mrefu ndio wakamwandikia. Kwa hiyo wewe uliyeko mwambao, Kibirizi, Ujiji, Ilagala, popote unapotegemea maji, usikubali mkataba wa siku kwa siku kabla hujauliza mbalamwezi nalipaje na ziwa likifungwa inakuwaje. Wakala akikushangaa, huyo hajui anamuuzia nani.

Kingine, plagi zao ni za kwao wenyewe. Tivii ile haiwaki kwingine kirahisi, ukitaka kuongeza paneli ya pili boksi linakataa. Umenunua chumba bila mlango wa uani.

Sasa yangu. Bei nilizopewa mimi hapa Mwanga, kwako zinaweza kupanda au kushuka: paneli mbili za wati 100 laki mbili, betri ya gel ya 12V 100Ah laki tatu na sabini, kontrola (inayolinda betri ikichajiwa na ikitumika) elfu 45, inveta ndogo (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO) elfu 80, nyaya, breka, taa na swichi elfu 75, fundi elfu 50. Jumla 820,000. Tivii ya inchi 24 kama ya kaka ukiongeza, laki mbili na nusu, unafika 1,070,000. Betri ikifa baada ya miaka mitatu ongeza 370,000, inakuwa 1,440,000. Linganisha na 1,742,500 ya kaka. Kwa hiyo keshi inashinda kwa laki tatu hivi, na hapo paneli zangu ni mara nne ya yake. Ila angalia vizuri, ushindi wenyewe umekaa kwenye betri. Gel yangu ikifa mwaka mmoja na nusu badala ya mitatu, nanunua mara mbili ndani ya kipindi kilekile, nafika 1,810,000, nimeshampita kaka na waranti sina.

Ndio maana siku ya kununua niliweka nguvu zangu zote kwenye betri. Betri ya kweli ya gel ya 100Ah ina uzito wa kilo 28 mpaka 30 na kitu, ni risasi ile, haiwezi kuwa nyepesi. Duka la kwanza muuzaji alininyanyulia betri kwa mkono mmoja akaiweka kaunta huku anaongea na simu. Nikamwambia boss samahani, jirani yako hapo ana mizani ya mchele, tukaipime? Akacheka, akasema hii ni teknolojia mpya, siku hizi ni nyepesi. Nikambeba na maneno yake mpaka kwenye mizani, mshale ukasimama kwenye 17. Mwenye mchele akaniangalia, mi nikamwangalia muuzaji, muuzaji akasema basi chukua ile nyingine ya nyuma. Sikuchukua hata ya nyuma. Duka la pili mzee mwenyewe akanitajia kilo kabla sijauliza, tukapima ikatoka 29, nikalipa hapohapo nikaomba risiti yenye namba ya betri.

Paneli nazo zina uongo wake. Stika inaandikwa chochote. Kwa teknolojia ya sasa mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa kama wati 200, kwa hiyo ya wati 100 inakaribia urefu wa mita moja na upana wa nusu mita. Ukiletewa kipaneli cha ukubwa huohuo kimeandikwa 200W, hizo wati mia zilizozidi ni za stika. Nenda na futi kamba. Akikununia hama duka, Mwanga maduka ni mengi.

Fundi wangu alikuwa mzuri ila kuna vitu viwili nilimsimamia. Cha kwanza mwelekeo. Sisi tupo kusini ya ikweta, nyuzi kama tano hivi, jua sehemu kubwa ya mwaka linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo paneli inaangalia kaskazini na inalala karibu sawa, unaiinua kidogo tu nyuzi 10 au 15 mvua iwe inasafisha vumbi. Yeye alitaka kuilaza kufuata bati linavyokwenda, kusini magharibi, eti inaonekana vizuri ukiwa barabarani. Afu kuna mchikichi wa jirani. Makuti yake mawili saa tisa alasiri yanaweka kivuli kwenye kona ya paneli, unaona ni kona tu, kumbe seli zimeungana mfululizo, kona ikizibwa paneli nzima inasinyaa. Tukasogeza.

Cha pili kontrola. Nyingi zinakuja zimewekwa zikate umeme betri ikifika volti 10.7 au 11. Hapo betri ya gel imeshakufa njaa. Betri iliyopumzika ikisoma 12.2 imeshatumika nusu, na gel ukiwa unaipeleka chini ya nusu kila siku ndio unaiua. Mimi ya kwangu inakata kwenye 11.8 ikiwa na mzigo. Vijana wa kibandani walilalamika kwamba muziki unazima mapema, nikawaambia bora muziki uzime kuliko laki tatu na sabini.

Matumizi yenyewe: paneli za wati 200 kwa masaa matano ya jua zuri, ukitoa hasara za joto na nyaya, napata kama wati-saa 700 siku nzuri. Mashine mbili za kunyolea, tivii, taa, simu za wateja, haifiki 450. Watu wataniuliza kwa nini paneli kubwa hivyo. Kwa sababu ya masika bana. Kigoma mvua zinaanza Oktoba Novemba zinaenda mpaka Aprili na zaidi, kuna siku wingu linalala juu ya milima asubuhi mpaka jioni, paneli ya wati 50 hapo inatoa kituko. Paneli ni rahisi kuliko betri, zidisha hapo, betri itakaa haichoki.

Kuna wadogo zetu wanaoangalia video za YouTube za Marekani wanakuja kuniambia eti kukodi sola ni kitapeli, usikodi kamwe. Wale wanaongelea kitu kingine. Kule kampuni inakufungia paneli juu ya paa, zinabaki mali yake, wewe unalipa kodi ya kila mwezi kwa miaka 20 au 25 na mikataba mingi kodi inapanda kidogo kila mwaka, ukitaka kuuza nyumba inabidi mnunuzi akubali kurithi mkataba. Aliyenunua mwenyewe alikuwa anapunguziwa kodi ya serikali asilimia 30 ya gharama, ikafutwa mwisho wa 2025, na aliyekodi hakuwa anaipata yeye, ilikuwa inaenda kwa kampuni mwenye mali. Na wengi umeme wa gridi wanao, betri sio lazima. Sisi huku mikataba mingi ni ya mkopo kweli, ukimaliza ni chako. Kama kuna mtu anakuletea ile ya kulipa milele bila kuwa chako, hapo ndio nakubaliana na vijana wa YouTube, kataa.

Ila kuna jambo moja la kule linatuhusu. Kampuni za sola zinakufa. SunPower ya Marekani iliomba kufilisika Agosti 2024, Sunnova ikafuata Juni 2025, na hizo zilikuwa kubwa. Hata hapa kwetu, Mobisol ya Ujerumani iliyokuwa na wateja wengi Tanzania ilifilisika 2019 ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Ukiwa na mtambo unaofunguliwa kwa tokeni, kampuni ikiyumba nani anakutumia tokeni? Nani anatimiza waranti? Kwa hiyo kati ya mkataba wa miaka mitatu wa buku jero na wa mwaka mmoja na nusu wa buku mbili na kitu, kama mfuko unaruhusu chukua mfupi.

Na kabla ya yote hayo angalia nguzo. Najua sisi Kigoma miaka na miaka tulikuwa nje ya gridi ya taifa tunaishi kwa majenereta ya dizeli, watu wakazoea kuidharau TANESCO, ila mambo yamebadilika. Kijijini kuunganishwa ni 27,000, mjini ndio tangu 2022 ilipanda mpaka 320,960. Mtambo wa wati 50 kama wa kaka kwa mwezi unatoa kama yuniti tano hivi. Yuniti tano kwa bei ya mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa yuniti, ni shilingi 500. Mia tano! Kaka kwa mwezi analipa elfu 45. Simlaumu maana nguzo ya mwisho iko mbali naye, lakini nimeona watu wa Mwandiga nguzo ipo nje ya uzio wanasaini mkataba wa sola wa miaka mitatu kwa sababu wakala alikuja na tivii. Hapo hapana kwa kweli.

Kwa hiyo nagawa hivi. Ya kulipia kidogo kidogo naipa 3 kati ya 5, betri na huduma ya vifaa vimeibeba, simu za vitisho na kufungia watu mbalamwezi vimeishusha. Inamfaa mtu aliye mbali na mafundi, asiye na laki nane, mwenye kahela kanakoingia kila siku, mama ntilie, bodaboda, duka. Mvuvi na mkulima wa kahawa wa Kalinzi anayeona hela kwa msimu, nenda kwa tahadhari au ulizia malipo ya msimu. Ya kununua mwenyewe naipa 4, moja nimeitoa kwa sababu hakuna mtu wa kumpigia ikiharibika zaidi ya fundi wako, na fundi naye ana simu inayozima.

Wa friji mnaniuliza sana, friji ya soda au ya samaki. Friji ya kawaida ya umeme wa nyumbani kwenye mtambo kama wangu usijaribu, inaanza kwa kishindo inveta ndogo inalia. Kuna za DC za sola, zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja bila inveta, zinakula kama wati 40 mpaka 60 kompresa ikiwaka, zenyewe bei yake ni mtambo mwingine, na utahitaji paneli za wati 300 kwenda juu na betri mbili kama si lithiamu. Kwa biashara ya soda fanya hesabu ya soda kwanza.

Kaka yeye kabakiza miezi michache. Nimeshamwambia siku ya kumaliza asikubali kuambiwa tu kwa mdomo hongera, adai meseji ya tokeni ya kufungua moja kwa moja, aiandike kwenye daftari, na apewe barua kuwa deni limekwisha, na laini ya simu aliyosajilia asiitupe. Waranti yake inaisha siku hiyohiyo ya kumaliza deni, kwa hiyo mwezi mmoja kabla tutaipima ile betri inakaa masaa mangapi na tivii ikiwaka, ikiwa imechoka tunawarudishia wakiwa bado wanadaiwa kutuhudumia.